Akirudi Atalipa



Wapendwa taifa la Mungu, katika mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10:25-37) tumezoea kukazia macho mafuta, divai na mnyama aliyembeba majeruhi. Juma hili tuutazame mwisho wake. Msamaria alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kwamba gharama ikizidi atailipa akirudi. Alikusudia kurudi. Neno hilo limetuhukumu sisi wa parokia hii.

Mama mmoja wa jumuiya zetu, muuza dagaa, alikwenda kudai deni lake. Mdaiwa akampiga kwa mpini wa jembe, akamvunja mkono. Majirani walimpeleka polisi kuchukua fomu ya PF3, kisha hospitali. Mshitakiwa akakamatwa, akawekwa mahabusu, nasi tukashusha pumzi tukidhani mambo yamekwisha. Kumbe kwa mama yule safari ndiyo kwanza ilianza. Mara tano alikopa nauli kwenda mahakamani, na mara tano aliambiwa upelelezi haujakamilika. Mshitakiwa alipopata dhamana, hakuna aliyemwarifu. Alikutana naye ana kwa ana sokoni.

Wakati wa Kwaresima tulikuwa tumekwenda gerezani na sabuni, sukari na rozari, kama ilivyo desturi. Mama huyo alitujia baada ya Misa, mkono ungali kwenye bandeji, akasema kwa sauti ya chini: “Baba Paroko, nimesikia mlimpelekea sabuni. Mimi je?” Hatukuwa na jibu. Hatujutii kwenda gerezani, maana Bwana mwenyewe ametuagiza, na mshitakiwa naye ana haki zake. Lakini nyumba ya mama yule iko karibu na kanisa kuliko gereza.

Tuliona haya, tukaanza kuuliza sheria inasemaje. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa wanaoathirika kwa makosa ya watu wengine. Mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kuamuru amlipe aliyemdhuru. Kenya iliandika katika Katiba yake ya mwaka 2010 kwamba Bunge litunge sheria ya kuwalinda walioathiriwa na makosa, na sheria hiyo ikatungwa mwaka 2014. Nao Umoja wa Mataifa ulikwisha kutamka mwaka 1985 kwamba mtu aliyetendewa uhalifu atendewe kwa heshima, aelezwe kesi yake imefikia wapi, asikilizwe, na asaidiwe kwa matibabu na kwa faraja ya moyo. Hata jina la kumwita linatutatiza. Wengi husema “mhanga”, lakini anayejitoa mhanga hujitoa kwa hiari yake; mama yule hakujitoa, alikuwa anadai haki yake.

Basi kamati yetu ya haki na amani ilipita katika nyumba saba ambazo viongozi wa jumuiya walizijua. Tulitarajia kusikia malalamiko juu ya adhabu kuwa ndogo. Tulikosea. Karibu wote walilalamikia ukimya. Hawakujua tarehe ya kesi, wala jina la mpelelezi, wala mahali pa kuuliza. Mzee mmoja alifungasha stakabadhi zake za matibabu pamoja na karatasi za mbegu, akazichomea zote shambani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba zingemsaidia kuthibitisha hasara yake.

Tangu hapo tumefungua daftari. Kila kesi ina tarehe yake, na kila tarehe ina muumini mmoja atakayemsindikiza mhusika. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wamekubali kuja kuwasikiliza wasio na uwezo bila malipo. Palipo na mtoto aliyedhuriwa, tunakwenda na mzazi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, wala hatukubali shauri kama hilo limalizwe kifamilia kwa mbuzi wawili. Kila baada ya miezi mitatu kamati itarudi nyumba zile zile kuuliza kama lolote limebadilika.

Tukiri pia kwamba nyumba mbili kati ya zile saba hatujazirudia hadi leo. Katika moja wapo mama mzazi alilia tangu tulipoingia hadi tulipotoka, nasi kwa woga wetu tumekuwa tukiahirisha.

Kesi ya muuza dagaa imepangwa tena Alhamisi hii. Tutapanda naye basi la saa kumi na moja alfajiri. Stakabadhi zake zote zimo katika bahasha ofisini, na anayeweza kuchangia nauli amwone katibu wa kamati kabla ya Jumatano.

Wenu katika Kristo,
Paroko