Nguzo na Kivuli

29 Desemba 2020

Redio haijaacha kuitaja Beit al-Ajaib. Siku ya Krismasi sehemu yake kubwa iliporomoka katikati ya ukarabati, na watu wawili wamefariki. Mungu awarehemu. Majirani wananiuliza ni jumba gani hilo. Nawaambia lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, likawa la kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme, na mwaka 1896 lilinusurika mizinga ya Waingereza iliyosambaratisha kasri jirani. Baadaye likawa makumbusho.

Mimi moyo wangu uko kwenye nguzo. Nyumba za mawe za pwani zina kuta nene za matumbawe, na upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Katika jumba hili wakasimamisha nguzo nyembamba za chuma cha kusubu, wakazungusha roshani ghorofa juu ya ghorofa. Ukitazama kutoka bustani ya Forodhani ulikuwa ukiona nguzo, giza, nguzo, giza. Giza lenyewe ni kivuli tu, cha kumkinga mtu na jua, lakini bila hicho jumba lingekuwa sanduku kubwa jeupe.

2 Januari 2021

Sisi wasusi makapu yetu ya mkonge tunayabana singa kwa singa mpaka mwanga haupiti, na urembo wote tunauachia rangi. Leo nimeacha rangi. Nyuzi za kusimama nimezisokota nene kama nguzo zile, nikazipa nafasi ya vidole viwili, nikazifunga kwa mviringo juu na mviringo chini. Nimelitundika kapu dirishani. Kivuli chake ukutani kimenifurahisha kuliko kapu lenyewe, nami nataka kujua kwa nini.

5 Januari

Usiku nimeukumbuka ule mtepe uliowekwa katika ua wa ndani wa jumba, uliojengwa upya kwa namna ya kale: mbao zimeshonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake ni mkeka. Kumbe chini ya dari ile palikaa chuma cha kutoka ng'ambo na kamba iliyosokotwa kwa mikono kama yangu, na vyote viwili vilikuwa vimebeba uzito. Wageni wengi waliupita haraka wakienda kupiga picha milango iliyonakshiwa. Mtepe ulistahili saa nzima.

9 Januari

Shangazi amelishika kapu, akaligeuza huku na huku.

"Litabeba nini hili, mwanangu? Unga wote si utamwagika?"

"Vitunguu, shangazi. Vinataka hewa."

Hajakubali. Ila amevuta uzi mmoja wa chini, akanionyesha unavyocheza. Kweli, miviringo miwili haitoshi kushika nyuzi zilizoachana hivyo. Lijalo nitalitia miviringo mitatu, wa katikati uwe mnene kama sakafu ya roshani, na singa nitazichagua ndefu, zile ambazo kwa kawaida tunawauzia wasokota kamba.