Kompyuta kumi ndani ya seva moja

Kimya changu kina sababu. Kwa mwezi mzima nimekuwa nikipanga jaribio la kompyuta pepe kwa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Thika, na leo nitawaeleza nilivyopanga na pale nilipokosea.

Kwa ambaye jambo hili ni geni: kompyuta pepe ni Windows au Linux nzima inayoishi ndani ya seva. Mezani unabaki na skrini, kibodi, kipanya na kimashine chochote kinachoweza kufungua dirisha la kuingilia kule. Kazi inafanyika kwenye seva, kwako inaletwa picha tu.

Chama hiki kina kompyuta 12 za Core 2 Duo, zile za ex-UK. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine hizi haziwezi kupanda hadi Windows 11 kwa kuwa, mbali na uzee wake, hazina TPM 2.0. Meneja alipoletewa bei ya mashine mpya 12 aliguna. Pesa ni za wanachama, wengi wao wakulima na akina mama wa sokoni. Ndipo nikajitosa: "Nipe mwezi mmoja na seva moja."

Nilianza na leseni, na nawashauri mfanye hivyo hivyo. Wengi hudhani Windows waliyoinunua pamoja na kompyuta wanaweza kuihamishia kwenye seva na kuitumia kutoka mbali. Sivyo. Microsoft inataka leseni ya aina nyingine kwa matumizi hayo, inayolipiwa mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo niliketi na wafanyakazi siku mbili nikitazama wanachofanya. Kumi kati yao hawatoki kwenye kivinjari, maana mfumo wa chama hufunguka humo, isipokuwa kuandika barua mara moja moja. Hao wanatosheka na Debian na LibreOffice. Wahasibu wawili wana lahajedwali zilizojaa makro za miaka na miaka. Hao wanunuliwe kompyuta mpya, kwisha maneno. Si lazima kila mtu aingizwe kwenye seva.

Kwa kuendesha mashine pepe nilichagua Proxmox. Zamani ningetaja VMware bila kufikiri, lakini Broadcom iliinunua mwaka 2023 na mwishoni mwa mwaka huo huo ikaacha kuuza leseni za kulipa mara moja. Proxmox ni huria, na kwa jaribio hulipi chochote.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kompyuta pepe 10, kila moja GB 4 za RAM, ni GB 40. Ongeza GB 8 za seva yenyewe, ni 48, basi nunua 64. Kila moja viini viwili vya prosesa, jumla 20. Seva yenye viini 12 halisi inatosha, kwa kuwa watu hawabofyi wote kwa pamoja. Diski GB 32 kwa kila mmoja. Nikapata seva iliyotumika yenye diski nne za kuzunguka, nikaziunganisha kwa RAID 10, nikawasha kompyuta pepe moja. Ikawaka kama umeme! Nikawasha tatu, sawa. Nikampigia meneja simu kwa furaha.

Jioni hiyo nikawasha zote kumi kwa mpigo. Dakika ya kwanza ikapita, ya tano, ya tisa. RAM ilikuwa imejaa nusu tu na prosesa ilikuwa inapiga miayo. Mkosaji alikuwa diski. Diski ya kuzunguka ya 7200 hufanya kama operesheni 100 kwa sekunde, na kompyuta moja ikiwaka huzimaliza zote peke yake. Sasa fikiria saa mbili asubuhi, wafanyakazi kumi, na foleni ya wanachama mlangoni. Nilipima wastani wa siku nikasahau dakika kumi zinazobeba siku yote. Nilirudi kwa meneja kuomba pesa za SSD mbili za kiseva, moja ikiwa pacha ya nyingine. Aibu niliimeza. Nilichagua za kiseva kwa kuwa zina akiba ndogo ya umeme ndani, hivyo stima ikikatika data iliyo njiani huandikwa.

Stima ndiyo iliyoleta swali gumu kuliko yote, na halikutoka kwa fundi. Mama mmoja wa dawati la mikopo aliniuliza, "Kijana, hii seva yako ikizimika, tunazimika sote?" Nikamjibu, ndiyo mama, sote. Kwa hiyo UPS inashika seva na swichi pia, kwani seva iliyo hai nyuma ya swichi iliyokufa haina faida kwa mtu. Betri ikikaribia kuisha, programu ya NUT inaizima seva kwa utaratibu. Lakini stima ikipotea kwa dakika tano tu, ni skrini yake itakayozimika. Ikirudi, ataikuta fomu pale pale alipoiacha. Wiki hiyo alikuwa amepoteza fomu mbili. Akanitazama kidogo, kisha akasema atakuwa wa kwanza kujaribu.

Zile Core 2 Duo zinabaki mezani. Nimeziwekea diski ndogo zenye Debian na Remmina tu, zimeunganishwa kwa waya, si Wi-Fi. Diski zao za zamani nimezifungia kabatini zikiwa na majina. Mambo yakienda mrama, zitatusogezea siku chache tu huku intaneti ikiwa imezimwa, lakini keshia hatakwama.

Tunaanza Jumatatu. Nimewaomba wote kumi wasiwashe mpaka saa mbili kamili, kisha wawashe pamoja.