MKUMBI, SIYO MIKUMI!

NDUGU msomaji, kabla hatujafika mbali tuelewane kwanza: nilikwenda Mkumbi, siyo Mikumi. Mikumi ndiko kwenye twiga, basi linapita katikati ya mbuga na watu wote wanabanana dirishani na simu zao. Mkumbi hakuna twiga. Mkumbi iko wilayani Mbinga, mkoa wa Ruvuma, kwenye milima ya Wamatengo, na basi likishakushusha Mbinga mjini ujue safari yako ndiyo kwanza inaanza.

Nilipoaga kijiweni kwetu Tandika, jamaa mmoja akaniagiza picha ya simba. Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba miaka yote niliyokaa Dar, mtu akiniuliza kwetu ni wapi nilikuwa najibu "Songea" halafu nabadilisha mada. Mkumbi nilikuwa naimeza. Uvivu wa kueleza ulikuwepo, na aibu kidogo nayo ilikuwepo, tusizungukane.

Na safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Marehemu baba aliniachia mibuni mia tatu na ushee kule kijijini, shangazi ndiye anayeitunza. Mimi ukapa umenikaba, nimepata mtu wa kununua kile kipande, basi Novemba 2024 nikapanda basi pale Mbezi alfajiri kwenda kumweleza shangazi. Kumweleza, siyo kumuuliza. Mtoto wa mjini bwana!

Kutoka Dar hadi Songea ni zaidi ya kilometa 900. Sitakuchosha na habari za Kitonga wala baridi ya Njombe, hizo umeshazisoma mara mia. Kesho yake nikaunga gari la Mbinga. Njiani mnapita Kigonsera, kwenye seminari ya zamani ya wamisionari ambako Rais Mkapa alipita kusoma akiwa kijana. Nikacheka peke yangu: neno "ukapa" tulilipata wakati wa utawala wake, na mimi hapa napita alikosomea nikiwa nao mfukoni.

Baada ya Mbinga mjini ni bodaboda, vumbi na kona. Milima ya huku haina adabu, inapanda tu. Na pembeni, ukitazama miteremko, unadhani mtu ametandaza sega la nyuki mlima mzima. Hayo ndiyo mashamba ya ngoro. Wanaume wanafyeka majani na kuyapanga miraba miraba, wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafukia, linabaki shimo lenye kingo. Mvua ikinyesha maji yanatulia shimoni, udongo hauteremki kwenda bondeni. Maharage mwezi Machi, msimu unaofuata mahindi. Wamatengo wamelima hivi kwa zaidi ya miaka mia moja, na wataalamu wa Sokoine na wa Japani walikuja kukaa nao miaka mingi kujifunza inavyofanya kazi. Mimi mwenye asili ya huku nilikuwa sijui hata neno lenyewe. Dereva wa boda ndiye aliyenieleza, tena kwa huruma.

Kwa shangazi nilipokelewa vizuri, ugali, maharage, na usipa wa Ziwa Nyasa aliokuwa ameuficha kwa ajili ya mgeni. Nikajiandaa kufungua maneno yangu. Mara hodi.

"Shikamoo!"

Kuangalia, ni dada wa Kijapani, umri kama wangu, kandambili miguuni, kanga kiunoni. Na shikamoo ile alikuwa ananipa mimi! Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe mwalimu huyu anamwamkia kila mtu, mpaka watoto wa chekechea, kwa sababu anasema hawezi kukisia umri wa Watanzania, na ni afadhali azidishe heshima kuliko kuipunguza. Anafundisha hesabu na fizikia kwenye sekondari ya jirani, ni wale wa kujitolea ambao Japani imekuwa ikiwaleta nchini tangu miaka ya 1960. Jina lake naliacha mfukoni mwangu. Alikuwa amepanga chumba kwa shangazi, na mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa unakwisha Machi.

"Mama," akamwambia shangazi, "kesho. Nimehesabu. Kesho!"

Nikauliza kesho kuna nini. Wote wawili wakaniangalia kama mtu asiyejua leo ni Jumatatu.

Sikiliza sasa. Mbuni ukikaa kiangazi kirefu unatunga vichipukizi vidogo vya maua halafu vinalala. Havifunguki, vinangoja. Mvua ya kwanza ikipiga sawasawa vinaamka, na siku kama tisa au kumi baadaye maua yanafunguka yote kwa pamoja. Siku mbili tatu, basi, yanakuwa kahawia na kuanguka. Mwalimu alikuwa ameandika ukutani tarehe ya mvua kwa chaki, na kila siku anaweka mstari, kama mfungwa anayehesabu siku zake.

Asubuhi niliamshwa na harufu. Wallahi sitanii. Nilidhani kuna mtu amemwaga manukato, kitu kama asmini, lakini laini zaidi. Nikatoka na shuka langu. Mlima ulikuwa mweupe. Jana yake nilipita pale nikaona miti ya kijani tu. Usiku mmoja kila tawi limevaa maua meupe kutoka shinani mpaka nchani, mistari na mistari kushuka hadi mtoni, ukungu umekaa juu yake, na nyuki wanavuma utadhani kuna jenereta. Mibuni ya baba yangu! Nilikuwa na umri wa miaka mitano nilipoondoka, nilikuwa sijawahi kuiona hivyo. Au niliiona nikasahau, sijui kipi kibaya zaidi.

Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya shamba, kimya, mikono mgongoni. Baadaye akaniambia kwao wanaiita hanami, yaani kutazama maua. Kule miti ya cheri huchanua majira ya baridi yanapokwisha. Televisheni zinatangaza kama zinavyotangaza mvua: maua yamefika kusini, yamefika katikati, yanaelekea kaskazini, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Mei. Watu wanatoka kazini wanatandika mikeka chini ya miti, wanakula, wanakunywa, wanaimba. Maua yenyewe yanadumu kama wiki moja. Shule nazo zinafungua mwaka mpya Aprili, kwa hiyo mtoto wa kule akikumbuka siku yake ya kwanza shuleni anakumbuka na maua.

"Kwa Kiswahili majira haya mnayaitaje?" akaniuliza.

Hapo nikashikwa. Tuna masika, tuna vuli, tuna kiangazi, tuna kipupwe. Vitabuni wameandika "majira ya kuchipua," lakini mimi sijawahi kumsikia mtu kijiweni akisema "washikaji, majira ya kuchipua haya." Nikamtupia shangazi mpira.

"Hii? Hii ni mvua ya kupandia mahindi," akajibu shangazi akiwa na jembe begani. "Wewe kama unataka kutazama, tazama. Mimi nina kazi."

Lakini mwalimu ni king'ang'anizi. Jioni, kidato cha nne wakiwa kwenye mtihani wa taifa na vipindi vimepungua, alirudi mapema akatandika mkeka chini ya mibuni. Kaleta karanga, ndizi, chai kwenye chupa, na chapati alizozipika mwenyewe (ngumu, lakini nia njema). Majirani wakapita njiani wakatuchungulia. Mzee mmoja akauliza kama kuna msiba. Watoto wao hawakuuliza, walikaa wakala. Mwishowe shangazi naye akaja, akakaa pembeni kabisa ya mkeka, mguu mmoja nje, kama mtu aliyepanda daladala anayeshuka kituo kinachofuata.

Kisha ndipo akaona ile glasi. Mwalimu alikuwa amekata vitawi vitatu vya maua akaviweka kwenye maji, kama pambo la katikati ya mkeka.

Shangazi aliiangalia muda mrefu. "Mwalimu," akasema polepole, "hayo si maua. Hizo ni buni."

Jamani, yule dada alibadilika rangi. Maana hesabu anaijua kuliko sisi wote. Kila ua ni tunda moja, kila tunda ni punje mbili. Kilo tano au sita za tunda bivu ndizo zinakupa kilo moja ya kahawa kavu. Na kutoka ua hadi tunda jekundu ni miezi minane hivi: unachuma kuanzia Juni, unakoboa, unalowesha, unaosha, unaanika kwenye vichanja, unapeleka chama cha msingi, kisha unangoja mnada. Nilimwona anahesabu maua ya vile vitawi kwa macho, midomo inacheza. Akatoa pochi. Akataka kulipa!

Shangazi akamrudisha mkono. "Wewe mtoto, weka hela yako. Ukitaka kulipa, njoo Juni uchume."

Mwalimu akainamisha kichwa. Juni atakuwa kwao. Miaka miwili amekaa pale, na mavuno ya maua hayo hatayaona. Hakusema kitu, na shangazi naye akajua amegusa pabaya, akachukua chapati ya pili ingawa ilikuwa ngumu.

Mimi nikaona ndiyo nafasi yangu ya kubadilisha hewa, mpumbavu mimi. Nikasema, "Shangazi, kuhusu kile kipande cha baba..."

"Najua," akanikata. "Mnunuzi wako alipita hapa wiki iliyopita akahesabu miti. Hata salamu hakunipa."

Kimya. Nyuki tu.

Halafu shangazi akaanza kusema, hakunigombeza, alikuwa anasimulia tu kama anayetaja majina ya watu. Babu ndiye aliyepanda ile miti ya juu. Kahawa imeingia Umatengo tangu miaka ya 1920. Wakati wa chama kikuu cha ushirika cha MBICU mkulima alikuwa anapata mbolea na dawa kwa mkopo. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika, bei ikaanguka, na miaka ya 1990 chama nacho kikafa. Wengi waliiacha mibuni ikaota magugu. Baba yangu ndipo alipokwenda Dar. Yeye shangazi akabaki. Akapalilia miti yake na ya kaka yake, miaka yote ile bei ilipokuwa aibu, kwa sababu "mti hauelewi habari ya bei." Sasa bei imeinuka, ndiyo na wanunuzi wameiona njia. Na maua yale yaliyokuwa mbele yetu, akasema, tayari yana mwenyewe: ni ada ya binamu yangu aliyeko chuo cha ufundi Songea, na bati za upande wa nyuma wa nyumba.

"Wewe ulitaka upate kiasi gani?" akaniuliza.

Nikamtajia. Akatikisa kichwa, wala hakukasirika. "Utaimaliza kabla hayajaiva."

Usiku ule nilimpigia mnunuzi nikamwambia tuongee Juni. Akaniambia Juni bei yake itakuwa nyingine. Nikasema sawa. Usidhani niligeuka malaika. Nilikuwa na madeni matatu Tandika na bado ninayo. Ila nilishindwa kukubaliana na mtu bei ya kitu ambacho ndiyo kwanza nilikuwa nimekiona asubuhi ile.

Siku ya tatu maua yalikuwa kahawia. Mvua ikaja na kuyaangusha, ardhi ikawa kama imemwagiwa makapi ya chai. Ukisogea karibu kwenye tawi unaona vitu vya kijani vidogo kama kichwa cha kiberiti. Mwalimu alizipiga picha hizo nyingi kuliko hata za maua.

Aliondoka Machi 2025 kama ilivyopangwa. Shangazi alimfungia nusu kilo ya kahawa ya msimu uliopita, kwa onyo kwamba asiipike kwenye maziwa. Aprili akanitumia picha kutoka kwao kaskazini mwa Japani: miti imechanua, waridi na nyeupe, mamia ya watu wamekaa kwenye mikeka chini yake na vyakula vyao. Nikamrushia binamu, akamwonyesha shangazi kwenye simu, kisha shangazi mwenyewe akanipigia.

"Nimeiona. Miti mizuri. Matunda yake wanauza bei gani?"

Nilikuwa nimeshamuuliza mwalimu. Nikamwambia mingi ya miti ile ni ya maua tu, haitoi matunda ya kula.

Shangazi akafikiri kidogo kwenye simu, hela yangu inakatika.

"Aaa," akasema. "Ndiyo maana wana muda wa kukaa chini yake. Na wewe Juni usije na viatu vile vyeupe."