Nililipwa Kupanga Majeshi

Mwaka wa 2021, miezi minne baada ya kuacha chuo, nilipata kazi ya kuyapanga majeshi ya Afrika. Sikuhitaji sare wala cheo. Nilihitaji laptopu, bando, na mteja mmoja wa ng'ambo ambaye hadi leo sijaona uso wake. Alitaka makala ya maneno elfu mbili: nchi kumi zenye nguvu zaidi za kijeshi barani, kutoka ya kumi hadi ya kwanza. Malipo yalikuwa shilingi elfu moja na mia mbili. Kodi ya bedsita yangu Kahawa West ilikuwa imechelewa, kwa hivyo hata angeniambia nipange malaika ningewapanga.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Kuna tovuti zinazohesabu kila kitu: vifaru, ndege, meli, askari. Unachukua nambari, unazipanga, unaongeza maneno makali kama "hatari" na "ya kutisha". Misri unaiweka juu. Kenya unaiweka mahali ambapo Mkenya atakasirika, kisha Mganda na Mtanzania wanakuja kumcheka na vita vinaanza. Mteja alipenda sana matusi. Kwake, kila tusi lilikuwa mtu mmoja zaidi aliyefungua ukurasa.

Nilimtumia mathe linki, naye kwa kujivunia akaitupa kwenye kundi la familia la WhatsApp. Jumapili iliyofuata nilienda nyumbani Nanyuki, nikamkuta anko amekaa kwa kile kiti kilichokuwa cha budaa, miwani imeshuka puani, simu mkononi. Anko alistaafu jeshini akiwa sajini. Alikuwa dereva, na Somalia alienda.

"Wewe ndiye umeandika hii?"

"Ndio, Anko."

"Na hivi vifaru umevihesabu wewe?"

"Vimeandikwa huko, Anko."

"Sijakuuliza kama vimeandikwa. Nakuuliza kama umeviona."

Nikanyamaza. Akaniuliza kama nakumbuka meli ya MV Faina. Mwaka wa 2008 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, kwa hivyo akanisimulia. Meli ilitoka Ukraine ikija Mombasa, imebeba vifaru 33 aina ya T-72. Maharamia wa Kisomali wakaiteka mwezi wa Septemba, ikaachiliwa Februari 2009. Serikali yetu ikashikilia kwamba vifaru vyote ni vya jeshi la Kenya, lakini stakabadhi za mzigo zilikuwa na herufi zilizoonyesha kwamba mwenyewe ni serikali ya Sudan Kusini.

"Sasa wewe na kompyuta yako," anko akasema, "ungeviandika kwa nchi gani?"

Mathe akacheka mpaka akashika meza. Mdogo wangu, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha nne na anangoja matokeo, hakucheka. Alikuwa anasikiliza tu. Siku hiyo sikulitilia maanani.

Ukikulia Nanyuki, jeshi si habari ya gazeti. Kambi ya ndege ya Laikipia iko hapo hapo. Ndege za F-5 zikipita, mabati yanatetemeka, kuku wanaingia chini ya ghala, na mwalimu anasimama na chaki mkononi mpaka kelele iishe. Sisi tulikuwa tunakimbilia dirishani. Nilidhani hakuna ndege duniani inayozishinda. Ukubwani ndipo nikasoma kwamba ndege hizo za Kimarekani zilianza kuingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, kabla mathe hajaolewa, na kwamba nyingine tulizinunua Jordan zikiwa mitumba.

Kwa hivyo mezani nilikuwa na hoja yangu tayari. Nilimwambia anko tununue ndege mpya. Uganda walichukua Su-30 sita kutoka Urusi, kwa bei iliyotajwa kuwa kama dola milioni 740. Sisi tumebaki na mitumba. Si ni aibu?

"Za kupigana na nani?" anko akauliza.

"Si adui."

"Adui gani? Mtaje."

Akaweka kijiko chini. Akasema adui aliyekutana naye hana ndege. Ana pikapu, ana bomu amelizika barabarani, na ana subira. Ndege ya kasi inafika, inapiga, inaenda. Wewe uliye chini unabaki na barabara ile ile. Kama angeulizwa, angeanza na magari: yale ambayo tumbo lake limechongwa kama mtumbwi, ili mlipuko upasukie pembeni badala ya kuingia kwa watu. Halafu helikopta, kwa sababu majeruhi hangoji.

Nikamwambia siku hizi kuna droni. Vita vya Ethiopia vilikuwa vinaendelea na kila mtu alikuwa anaongea droni. Akakubali kwamba droni ni macho mazuri. "Lakini haibebi majeruhi."

Halafu akanyoosha kidole nje ya dirisha, kule mlimani. Agosti 2012, helikopta tatu za kivita za Uganda, aina ya Mi-24, zilianguka Mlima Kenya zikielekea Somalia kusaidia kikosi cha Umoja wa Afrika. Hakuna adui aliyezilenga. "Kwa orodha yako hizo ni tatu," akasema. "Orodha haina mlima ndani yake. Haina mawingu. Haina fundi wala rubani wala vipuri."

Nikarudi na kitu nilichodhani kitamnyamazisha. Januari 2017, serikali ya Marekani iliidhinisha kuiuzia Kenya hadi ndege 12 za Air Tractor pamoja na mbili za mazoezi, silaha na huduma zikiwemo, kwa dola milioni 418. Air Tractor asili yake ni ndege ya shambani.

"Ya kunyunyizia dawa?" mathe akauliza. "Milioni mia nne?"

Nilitegemea anko acheke pia. Hakucheka. Akasema ndege ya aina hiyo inafaa: inaenda polepole, inakaa hewani saa nyingi, inatua kwa uwanja wa vumbi. Kwa adui asiye na ndege, hiyo ni bora kuliko ya kasi. Tatizo halikuwa ndege, ilikuwa bei. Na kelele kubwa kuhusu bei ilipigwa na mbunge wa Marekani, wa North Carolina, ambako kuna kampuni iliyotaka kazi hiyo hiyo. Mpango wote ukafa.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani nikirudi Nairobi kwa matatu usiku huo. Pesa zilikuwa zetu, askari wetu, na hesabu ilikuja kuulizwa na mtu anayetafuta kura Marekani. Mimi nilikuwa chuoni wakati huo? Hapana, nilikuwa sekondari. Lakini hata leo, nani kati ya marafiki zangu ameshawahi kubishana juu ya jambo hili bila kuligeuza mpira, nchi yangu dhidi ya yako? Meli ya KNS Jasiri, mkataba wake ulitiwa sahihi 2003, ikafika Mombasa 2012. Miaka tisa! Mtoto aliyezaliwa siku ya sahihi alikuwa tayari darasa la tatu. Tunabishana zaidi kuhusu penalti.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alienda uwanjani kwa usajili wa makurutu. Alikuwa na umri, urefu na alama zinazotakiwa. Walimpima, wakamhesabu meno, wakamkimbiza. Mathe alikuwa amemwambia asiende. Mimi nilimwambia vilevile, kwa sauti ya mtu aliyeacha chuo na hana la kumwonyesha.

"Bro," akaniambia, "kwani una mpango mwingine?"

Sikuwa nao. Akachukuliwa. Akaenda Eldoret kwa mafunzo, na siku ya gwaride la kuhitimu mathe alivaa kitenge kipya akalia kuanzia wimbo wa taifa mpaka chakula. Mimi nilipiga picha. Kwenye picha zote mdogo wangu anafanana na wenzake, na ilinibidi nizikuze ndipo nimtambue.

Kuanzia siku hiyo kazi zangu za kupanga majeshi zilianza kunishinda. Nikiandika "magari ya kivita", naona mtu ameketi ndani, magoti yamegusana na ya mwenzake, na shingo ni ile ninayoijua. Aprili 18, 2024, helikopta aina ya Huey ilianguka Elgeyo Marakwet na kumuua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wengine tisa. Ogolla mwenyewe alikuwa rubani wa ndege za kivita. Alizikwa Siaya siku tatu baadaye, bila jeneza, kama alivyotaka. Taifa lote lilikuwa linaongea juu ya jenerali. Mathe alikuwa anapiga nambari moja tu, na haikushikwa mpaka saa nne usiku. "Siko huko, mathe. Niko sawa." Akakata.

Wiki mbili hivi baadaye mafuriko yalikuwa yamefunika nusu ya nchi, na jeshi likaitwa kuokoa watu. Hapo nikakumbuka tena meza ya Nanyuki. Helikopta na mashua hazipandishi nchi cheo kwenye orodha za mteja wangu. Lakini muulize mtu aliyekuwa juu ya paa.

Halafu ikaja Juni. Tarehe 25 nilikuwa tao, kama wengi wanaosoma hapa. Sitasimulia niliyoyaona. Ninyi mliyaona. Jioni ile serikali ikatangaza kwamba jeshi litasaidia polisi, na kesho yake Bunge likaidhinisha. Katiba, kifungu cha 241, inasema jeshi linaweza kupelekwa kurejesha amani ndani ya nchi kwa idhini ya Bunge la Taifa pekee. Wakili anaweza kukueleza mpangilio wa hayo mambo. Mathe alinieleza kwa maneno yake, kwa simu, akiwa amechoka: "Usitoke kwa nyumba. Ndugu yako anaweza kuwa kwa hizo lori."

Hakuwa kwa lori. Lakini usiku huo sikulala, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba kila gari nililowahi kuliandika lina mbele na nyuma, na linaweza kugeuzwa. Nikakumbuka stori ambayo kila mtu wa Nanyuki anaijua. Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga waliojaribu kupindua serikali waliwalazimisha marubani kupaa na F-5 kutoka kwetu wakapige mabomu Nairobi. Marubani wakayadondosha msituni, Mlima Kenya. Baadaye jeshi lote la anga likavunjwa na kuundwa upya kwa jina la 82 Air Force, na jina lake la zamani likarudi 1994. Ndege siku ile zilikuwa nzima na mabomu yalikuwepo. Nairobi iliponea kwa sababu ya watu walioketi ndani.

Mwaka jana mdogo wangu alikuja likizo. Amenenepa mabega na anakula haraka, kama mtu anayefukuzwa. Tulikaa nje tukitafuna muguka, na nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu 2021. Nilimwambia: achana na anko, achana na mimi. Wewe ungetaka jeshi linunue nini kwanza?

Akatafuna kidogo.

"Hiyo siwezi kuongea, bro."

"Kwangu pia?"

"Kwako ndio zaidi. Wewe si unaandika?" Akatema pembeni. "Mimi nimekula kiapo. Nikiambiwa panda, napanda. Sichagui gari. Wewe hujakula kiapo chochote. Si uongee wewe."

Hakusema kwa hasira. Aliendelea kutafuna, akaanza kuniuliza kama bado nadaiwa kodi.

Anko anaongea kwa sababu amestaafu. Mdogo wangu haongei kwa sababu bado. Katikati kuna sisi ambao hatujaapa, tunaolipa kodi hata kwa bando, na tunaojua takwimu za kila straika wa Ulaya. Sisemi kila mtu awe mtaalamu wa vifaru. Nasema maswali ya anko hayahitaji mtaalamu: adui ni nani, nani ataketi ndani, na bei hii imetoka wapi? Mbunge wako anaweza kuulizwa hayo kwenye mkutano wa hadhara, kama anavyoulizwa kuhusu barabara.

Mwezi uliopita yule mteja alirudi. Anataka orodha ile ile, na nambari za mwaka huu. Kodi bado ni kodi, nikaikubali. Lakini kwenye sehemu ya Kenya niliongeza aya moja, yenye maswali hayo matatu. Aliirudisha makala baada ya saa moja, aya imefutwa, na ujumbe mfupi: wasomaji wanataka nambari.

Nilichukua pesa zangu. Aya nimeileta hapa.