Kabla ya Kununua Mpya, Fungua Kasha

Mwanangu ana miaka 14. Alilalamika kwamba kompyuta yake inakwama akicheza michezo. Ni Dell OptiPlex 7010, ile ndogo ya ofisini, tuliyoinunua ikiwa imeshatumika. Hapa Arlington kodi ya nyumba haina huruma, na nyumbani Tanga wanasubiri chao kila mwezi. Nikawaza kuomba zamu ya Jumapili ili ninunue mpya.

"Baba, tuongeze kadi ya picha tu," akaniambia. Alikwishachagua GTX 1660 Super. Hiyo hula wati 125 na hutaka pawa saplai ya wati 450. Tukafungua kasha mezani, tukasoma kibandiko: wati 240. Kubadilisha pawa saplai nako hakukuwezekana kirahisi, maana kasha ni dogo na ya kawaida haiingii.

Tukakaa, tukapiga hesabu pamoja. Tundu la kadi lenyewe hutoa hadi wati 75. Basi tukatafuta GTX 1650 ya umbo fupi, isiyodai waya wa ziada. Akachangia akiba yake, nami nikamalizia.

Michezo sasa inakwenda. Si kama kompyuta mpya, lakini yeye ameridhika. Zamu sikuiomba, na Jumapili bado tunakula pamoja na kupiga simu Tanga.

Wazazi wenzangu, kabla ya kulipa pimeni mambo matatu: wati, nafasi na waya. Pimeni pamoja na mtoto. Wahenga walisema, jikune ujipatapo.