Barua kutoka Leicester: Gari la bei chee, mwenye gari haonekani



Miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki waliofika Uingereza miaka ya karibuni wamo wauguzi na wahudumu wa wazee. Kenya ilitia saini makubaliano ya wauguzi na serikali ya hapa Julai 2021. Februari 2022 viza ya kazi za afya ikafunguliwa kwa wahudumu wa wazee kutoka nje, na Julai 2025 mlango huo ukafungwa kwa waajiriwa wapya walioko ng'ambo. Waliokwisha kuingia wanaendelea na kazi, na kazi yenyewe inadai gari. Mhudumu wa majumbani huanza kwa mzee wa kwanza alfajiri katika kijiji kimoja, kisha anatakiwa kuwa kwa mwingine kijiji cha pili kabla chai haijapoa, na mabasi ya vijijini ni machache. Ndiyo maana matangazo mengi ya kazi hii hutaja leseni na gari.

Kuna pia saa inayohesabu. Mtu aliyehamia hapa na leseni ya Kenya au ya Tanzania anaruhusiwa kuiendeshea kwa miezi 12 tu. Baada ya hapo lazima awe amefaulu mtihani wa hapa, wa nadharia na wa barabarani. Kwa hiyo mgeni hutafuta gari mapema, akiwa na akiba ndogo na bila kumjua fundi hata mmoja. Matapeli wanapenda mnunuzi wa namna hiyo.

Dada mmoja wa Tanga, mhudumu wa wazee mjini hapa, aliliona gari lake kwenye simu usiku baada ya zamu. Ilikuwa Toyota Yaris ya 2017, rangi ya fedha, iliyotembea maili chache, na bei yake karibu nusu ya Yaris nyingine za umri ule. Alimwandikia muuzaji, na jibu likaja papo hapo, la upole na lenye maelezo marefu. Gari lilikuwa la marehemu mama yake. Yeye mwenyewe yuko kazini kwenye mtambo wa mafuta baharini, upande wa Aberdeen, hawezi kutoka kumwonyesha mtu gari. Lakini asiwe na wasiwasi, gari liko tayari kwenye ghala la kampuni ya usafirishaji. Alipe kwa kampuni hiyo, gari liletwe hadi mlangoni, alitumie siku tano, na lisipompendeza arudishiwe pesa yake yote. Kesho yake ikaja ankara yenye nembo, anwani na namba ya usajili wa kampuni.

Aliyemzuia ni mama mmoja wa Mombasa anayefanya naye kazi, mwenyeji wa hapa kwa miaka mingi. Alisoma ujumbe wote hadi mwisho, akamrudishia simu na kuuliza, "Mwanangu, gari lenyewe nani aliyeliona?"

Hakuna aliyeliona.

Ukiichambua hadithi ile ya Aberdeen, kila kipande kina kazi yake. Mtambo wa baharini unaondoa uwezekano wa kukutana. Marehemu mama anaeleza kwa nini bei iko chini, na pia anamfanya mnunuzi aone haya kuuliza sana. Siku tano za majaribio zinaua hofu. Kampuni ya usafirishaji ni muuzaji yuleyule kwa jina la pili, na namba ya usajili iliyoandikwa kwenye ankara mara nyingi ni ya kampuni halali isiyo na habari. Orodha ya kampuni zote za nchi hii iko wazi bila malipo, hivyo tapeli anaweza kunakili namba kutoka humo, na mnunuzi naye anaweza kuifungua, akachukua anwani ya kampuni yenyewe na kuiuliza moja kwa moja. Hadithi hubadilika kidogo tu kutoka tapeli hadi tapeli. Leo ni mwanajeshi aliyehamishwa ghafla, kesho ni mke aliyeachika asiyetaka kulitazama tena gari la mumewe. Pesa daima inatangulia, gari linabaki kwenye picha.

Wapo pia wasiojisumbua kutunga hadithi ndefu. Hawa huomba arbuni tu. Husema wanunuzi wengine wanakuja asubuhi, weka pauni 200 nikushikie. Mtu anatuma, anapewa anwani, anapanda treni na kufika kwenye nyumba ambayo wenyewe hawana gari la kuuza.

Nyumbani mtu hanunui gari bila fundi wake kuingia uvunguni, na bila dalali anayejulikana baraza analokaa. Mgeni aliyefika Uingereza hana fundi wala dalali, lakini nchi imeweka kitu kingine ambacho wengi hawakijui: maisha ya kila gari yameandikwa, na sehemu kubwa ya maandishi hayo inasomwa bure na yeyote mwenye namba ya gari. Huhitaji kujiandikisha wala kutaja jina lako. Mamlaka ya leseni na magari, DVLA, huonyesha kwenye tovuti ya serikali aina ya gari, rangi, mwaka wa usajili, ukubwa wa injini, kama kodi ya barabara imelipwa, na lini kadi ya gari ilitolewa mara ya mwisho.

Dada wa Tanga aliandika namba iliyoonekana kwenye picha. Jibu likasema gari la namba ile ni Yaris kweli, ila rangi yake ni buluu.

Sehemu ya pili ya tovuti hiyohiyo ina faida kubwa zaidi. Gari likishafikisha miaka 3 hapa, lazima lipite ukaguzi wa kila mwaka unaoitwa MOT. Historia ya ukaguzi huo iko wazi: tarehe, kufaulu au kufeli, ubovu uliokutwa, tahadhari alizoandika mkaguzi, na maili zilizosomwa siku ile. Gari lililosoma maili 88,000 mwaka juzi haliwezi kusoma 51,000 leo isipokuwa mtu amezirudisha nyuma. Tahadhari za mkaguzi nazo zisomwe kwa utulivu. Gari ambalo limeandikiwa kutu chini ya bodi miaka mitatu mfululizo lina mwenyewe asiyelitunza, hata kama leo limesuguliwa likang'aa.

Namba ya gari yenyewe inataja umri. Tangu Septemba 2001, tarakimu mbili za katikati hubadilika kila Machi na kila Septemba. Gari lenye 17 lilisajiliwa kuanzia Machi 2017, na lenye 67 kuanzia Septemba mwaka huohuo. Sheria inaruhusu kulivika gari namba inayolizeesha, lakini hairuhusu namba inayolifanya lionekane jipya kuliko lilivyo.

Tuseme sasa gari lipo kweli, na mwenyewe amesimama kando yake. Utapeli haujaisha, umebadilika tu. Namba zinaweza kuwa za gari jingine la aina na rangi ileile, huku hili likiwa la wizi. Dawa yake ni namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17. Hupatikana chini ya kioo cha mbele na pia hupigwa kwenye chuma cha gari. Zote zifanane, na zifanane na kadi ya gari, ile wanayoiita V5C. Kadi hiyo ionekane kwa macho, karatasi halisi na si picha, na anwani iliyoandikwa humo iwe ya nyumba ambayo mnunuzi amesimama mbele yake. Anayetaka mkutane kwenye maegesho ya duka kubwa ana sababu ya kutotaka ujue anakoishi. Mwaka 2006 kadi tupu ziliibwa kwa wingi, na DVLA imetangaza hadharani namba zake za mfululizo ili wanunuzi wazitambue. Halafu kadi yenyewe inasema wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja mtunzaji aliyeandikishwa, ambaye anaweza kuwa bado anadaiwa gari hilo.

Deni ndilo linalowaumiza wengi. Hapa magari mengi hununuliwa kwa mkopo, na katika mikopo ya kawaida ya magari, gari hubaki mali ya mkopeshaji hadi senti ya mwisho ilipwe. Tovuti ya serikali haionyeshi deni. Kuna kampuni zinazouza taarifa hiyo kwa pauni chache, na hueleza pia kama gari limeripotiwa kuibwa au kama bima iliwahi kulifuta baada ya ajali. Magari yaliyofutwa hupangwa kwa herufi nne. A na B hayarudi barabarani kamwe. La S liliumia kwenye mifupa, na la N liliumia kwingine. Magari ya S na N huuzwa kihalali, ila bei yake lazima ishuke na mnunuzi aambiwe. Pauni chache za uchunguzi huu si za kubania.

Ni vizuri pia kujua unanunua kwa nani. Ukinunua kwa mfanyabiashara wa magari, sheria ya haki za mlaji ya 2015 inakupa siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro na kupewa pesa yako. Ukinunua kwa mtu binafsi, kinga ni ndogo sana: anatakiwa hasa asiseme uongo kuhusu gari na awe na haki ya kuliuza. Ndiyo sababu wapo wafanyabiashara wanaojifanya watu binafsi. Wenyeji huwanasa kwa simu moja. Hupiga na kusema, "Nauliza kuhusu gari unalouza," bila kutaja lipi. Mwenye gari moja hana cha kuuliza, mwenye kumi atauliza ni lipi.

Na aliyekwisha kutuma pesa? Hapa ndipo penye habari ambayo watu wetu wengi hawajaipata. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki za Uingereza zinalazimika kumrudishia mteja aliyedanganywa akatuma pesa mwenyewe kwenda akaunti nyingine ya humuhumu nchini. Kiwango cha juu ni pauni 85,000. Kwa kawaida jibu hutolewa ndani ya siku 5 za kazi, ingawa benki inaweza kusimamisha saa ikichunguza, na inaweza kukata hadi pauni 100. Mteja ana miezi 13 ya kudai. Lakini kinga hiyo haigusi pesa iliyotumwa nje ya nchi, wala ugomvi wa kawaida kuhusu gari bovu lililokabidhiwa kweli, na benki inaweza kukataa ikithibitisha uzembe uliopita kiasi. Hivyo onyo la benki lisipuuzwe. Unapoandika akaunti ya mtu, benki hulinganisha jina uliloandika na jina la mwenye akaunti, na yakitofautiana hukuambia. Muuzaji anayekuhimiza ulipite onyo hilo amekwisha kujitaja. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo ana kinga nyingine ya tangu 1974, kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000.

Kinga zote hizi zinamfaa anayesema. Watu wetu wengi wakishaingizwa mjini hunyamaza. Wengine wanaona aibu, kwa kuwa nyumbani wanahesabiwa kuwa wajanja waliofika Ulaya. Wengine wanaogopa kwamba kwenda polisi kutaharibu viza. Hofu hiyo haina msingi: kuibiwa si kosa, na hakuvunji sharti lolote la viza. Ukimya unamfaidi mtu mmoja tu, naye bado ana matangazo mengine hewani.

Ndugu walioko nyumbani nao wana sehemu yao. Uingereza huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo hakosekani jamaa anayetuma pesa ili kijana aliye huku amnunulie gari na kulipakia melini kwenda Mombasa au Dar es Salaam. Msimharakishe. Kenya haipokei gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na lile linalouzwa bei chee huku mara nyingi limekwisha kuvuka umri huo. Mwacheni aende alione kwa macho, mchana, nyumbani kwa mwenyewe, na asitume hata arbuni kabla ya hapo. Akiwaambia bado anachunguza, mwungeni mkono.

Na wewe uliye Uingereza unayesoma barua hii ukiwa umetuma pesa na muuzaji hapokei tena simu: piga 159, namba itakayokuunganisha na benki yako, na uombe pesa izuiwe. Kisha ripoti utapeli huo kwa namba 0300 123 2040, au kwa polisi, namba 101, ukiwa Scotland. Hifadhi ujumbe wote, picha zote na ankara, usifute kitu. Fanya hivyo leo, pesa ikiwa bado haijahamishwa kutoka kwenye akaunti uliyoitumia.