Silinda ya Nne

Kwa miaka mingi nilipiga mstari mwekundu chini ya neno "kumisi" kila nilipolikuta katika insha za wanafunzi, na pembeni nikaandika "kukosa". Mwaka jana nililipa gharama ya ukaidi huo, tena kwa fedha taslimu.

Gari langu, Toyota Corolla yenye injini ya 5A-FE, lilikuwa limeanza kula oili, hata majirani wakawa wananitambua kwa moshi kabla ya kunitambua kwa sura. Niliona heri kubadilisha injini kuliko kuifungua ile ya zamani. Nikaagiza Dar es Salaam injini ya aina ileile, iliyotumika Japani, nikailipia kutoka katika salio la kiinua mgongo, na fundi wa hapa mjini akaifunga kwa siku mbili. Ilipowashwa iliwaka. Ila gari likiwa limesimama, usukani ulitetemeka mikononi, na kioo cha pembeni kikatikisika hata sura za watu waliokuwa nyuma hazikutambulikana.

"Mwalimu, inasumbuaje?" fundi aliniuliza.

Nikamjibu kwa Kiswahili ninachokiamini: "Injini hii imekosa nguvu."

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Kasoro yake ni kwamba haikuwa kweli, kwa maana barabarani gari lilivuta vizuri. Lakini fundi aliniamini, kwa kuwa mimi ni mzee na tena ni mwalimu. Injini ikikosa nguvu, jambo la kwanza kushukiwa ni mafuta. Akabadilisha chujio, akabadilisha pampu, akabadilisha na plagi zote nne, na kila kifaa nikakilipia. Usukani ukaendelea kutetemeka. Siku ya tisa nilimpigia simu aliyeniuzia injini, nikamwambia kwamba ameniuzia chuma chakavu. Nikatamka na neno "mwizi", ambalo sikuwahi kumwambia mtu mzima.

Jirani ndiye aliyeniletea fundi wa pili, kijana mwembamba aliyeniamkia shikamoo kabla hata ya kulitazama gari. Hakufungua boneti. Aliniuliza kwanza, "Inamisi kwenye sailensa tu, au hata ukikanyaga mafuta?"

Sailensa, kwa lugha ya gereji, ni mwendo wa injini gari likiwa limesimama na mguu hauko kwenye mafuta. Hilo nililijua. Lile neno jingine ndilo lililonikwama. Nikataka kumsahihisha, kisha nikatambua kwamba sina la kumsahihishia. "Kukosa" hutaka yambwa: mtu hukosa fedha, hukosa usingizi. Kisipotajwa kilichokosekana, msikilizaji hudhani kwamba mtu huyo ametenda kosa. "Kumisi" ya gereji haina yambwa wala haina kosa. Maana yake ni moja tu: silinda imefikiwa na zamu yake ya kuwaka, isiwake. Nayo ina jamaa zake. Injini hukohoa, hugonga, sailensa hucheza kwa kupanda na kushuka, na kila neno humwelekeza fundi mahali tofauti pa kuanzia. Mimi nilikuwa nimemnyima fundi wa kwanza maneno yote hayo, nikampa "nguvu".

Injini yangu ina silinda nne, nazo huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Kila moja huvuta hewa na mafuta, hubana, huwaka, hutoa moshi, na hatua hizo nne huchukua mizunguko miwili. Ikizunguka mara 700 kwa dakika, mwako hutokea mara 1,400, yaani zaidi ya mara 23 kwa sekunde. Silinda moja ikinyamaza, hubaki mapengo yapatayo sita kila sekunde. Hakuna sikio linaloweza kuyahesabu, ila kiganja kilichoshika usukani huyajua. Vivyo hivyo hakuna anayehesabu mizani kumi na sita shairi linapoghanwa, lakini ukwapi ukiwa na saba badala ya nane, kichwa hugeuka chenyewe.

Kijana alichukua koleo lenye mipini ya mpira, akachomoa waya wa plagi ya kwanza injini ikiwa inaunguruma. Injini ikazama, nusura izimike. Akaurudisha. Ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Alipochomoa waya wa nne, hakukutokea badiliko lolote.

"Mwalimu, huyu hayupo kazini," akasema.

Nimejaribu kipimo hicho katika tungo zangu tangu siku ile. Nachomoa neno, nasikiliza ubeti. Ninayoyapata si ya kusimulia hadharani.

Akahamishia plagi ya nne kwenye silinda ya kwanza, kisha akabadilishana na waya, na ubovu ukabaki palepale kwenye ya nne. Akapima mbano kwa geji: silinda zote zilikaribiana. Hapo ndipo lile neno "mwizi" lilipoanza kunirudia, kwani chuma hakikuwa chakavu. Mwishowe akanyunyizia maji kidogo kidogo kwenye maungio ya menifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda. Karibu na ile ya nne mlio ukabadilika ghafla, maji yakavutwa ndani. Fundi wa kwanza alikuwa amehamisha menifoldi yangu ya zamani pamoja na gasketi yake, nayo ilikuwa imechanika upande huo. Hewa ya wizi ilipenya, ikazidi mafuta, mchanganyiko usiwake. Mafuta yakikanyagwa, hewa nyingi huingia kwa njia yake halali, na ile ya pembeni huwa haba kiasi cha kutoleta madhara. Ndiyo maana barabarani gari lilikuwa zima.

Gasketi mpya ilikuwa ya bei ndogo kuliko plagi. Fundi wa kwanza sikumlaumu sana: alitafuta kile nilichomtuma kukitafuta.

Jioni nilipiga simu Dar es Salaam. Muuzaji aliipokea, akanyamaza.

"Ndugu yangu," nikasema, "nimekukosea."

Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama injini inaendelea vizuri.

"Haimisi tena," nikamwambia.